Kiangazi Kinachofungua Maua

Mhadhara kwa wote kuhusu miti ya Ngara na Biharamulo



Nianze mbali kidogo. Pembezoni mwa London ipo bustani ya mimea iitwayo Kew. Ikifika Machi, baridi ikiwa bado haijaondoka, watu humiminika pale kuutazama mti unaoitwa magnolia. Aina zake mashuhuri huwa hazina jani hata moja wakati huo. Matawi ni ya kijivu, makavu, ungedhani mti umekufa. Lakini kwenye ncha za matawi hayo kuna maua makubwa kuliko kiganja cha mtu mzima, mengine meupe, mengine ya waridi, mengine yamekolea kuelekea zambarau. Yanakaa kwa muda mfupi, petali zinadondoka, kisha ndipo majani yanaanza kutoka. Wanaosafiri kwenda kuyaona wanajua wanachokifuata: kwao ua hilo ndilo linalotangaza kwamba majira ya baridi yamefungasha virago.

Bustani hiyohiyo ina jengo ambalo wageni wengi hawaingii. Ndani yake kuna makabati, na ndani ya makabati kuna karatasi nene zilizobandikwa mimea iliyokaushwa, takriban milioni 7, kutoka pembe zote za dunia. Baadhi ya karatasi hizo asili yake ni safari iliyopita huku kwetu. Mwaka 1861, mvua za mwisho wa mwaka zikianza, msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, uliingia Usui, nchi ya mtawala Suwarora, ambayo leo tungeitafuta Biharamulo. Speke alikuwa na haraka ya kuliona chimbuko la Nile. Grant ndiye aliyekuwa akichuma maua. Suwarora aliwazuia njiani akidai hongo, na Speke alilalamika sana juu ya jambo hilo katika kitabu chake. Mimi namshukuru Suwarora. Msafiri aliyezuiliwa anao muda wa kuangalia vichaka.

Karatasi za kukaushia mimea hazikujibeba zenyewe. Zilibebwa na wapagazi, watu wa pwani na wa Unyamwezi, katika msafara ambao miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Grant akirudi kwao alizikabidhi kwa wataalamu, na Jumuiya ya Linnaeus ya London ikaanza kuchapisha matokeo mwaka 1872, pamoja na maelezo yake kuhusu mahali na majira alipoiona mimea ile. Kwa hiyo miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa zilizoandikwa, za nini kinachanua katika nchi hizi na lini, zimo zile zilizohifadhiwa jirani na magnolia zile ninazozisema. Msomi akitaka kuzilinganisha na hali ya leo, atauliza kumbukumbu za miaka 160 iliyofuata ziko wapi. Kwa upande wa mvua tutampa kitu, kwa maana misheni na ofisi za kilimo zimekuwa zikipima. Kwa upande wa maua, tutamwambia akawaulize wazee.

Swali langu la jioni hii ni jepesi kulitamka. Huku kwetu, ambako hakuna majira ya baridi, mti unajuaje kwamba wakati wa kuchanua umefika? Jibu nitalisema sasa hivi, ili mtu atakayetoka mapema kuwahi gari la Kabanga asilikose: miti yetu mingi inajua kwa kiu.

Turudi kwanza kwa magnolia, kwa sababu yeye ndiye anayetufundisha kuuliza vizuri. Ua lile la Machi halitengenezwi Machi. Tumba lake liliundwa majira ya joto ya mwaka uliopita, likafunikwa magamba yenye manyoya laini, likalala. Miti mingi ya nchi za baridi iliyolala hivyo haiamki kwa joto peke yake. Ni lazima kwanza ipitiwe na baridi kwa wiki kadhaa, ndipo joto likija liweze kuiamsha. Baridi ikipungua mno, matumba huchelewa, au hufunguka ovyo, hili leo na lile mwezi ujao. Yaani baridi, ambayo sisi tungeihesabu kuwa adui wa ua, ndiyo inayolitayarisha.

Hatari yake iko hapohapo. Siku za joto zikija mapema Februari, mti unaamini, unafungua. Kisha jalidi ya usiku mmoja inashuka, na kufikia asubuhi petali zote zimekuwa za kahawia. Hata ile aina inayopandwa sana Ulaya, iliyozalishwa karibu na Paris na Étienne Soulange-Bodin, aliyekuwa ofisa wa wapanda farasi katika jeshi la Napoleon, na ikachanua kwa mara ya kwanza mwaka 1826, haijasalimika na balaa hilo. Mwanajeshi yule alifanikiwa kuchanganya damu za magnolia mbili za Asia ya mashariki. Kuifundisha kutilia shaka jua la Februari hakuweza.

Sasa tazameni huku. Ngara ni nchi ya vilima, na sehemu kubwa ya ardhi yake iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai mtu huvuta blanketi la pili, lakini maji ya kwenye ndoo hayagandi. Hakuna mti wa huku uliopata kuijua jalidi. Hata urefu wa mchana hautoi dalili kubwa: tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta, na mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa dakika zisizofika 20. Kule London tofauti hiyo ni ya saa nane na zaidi. Mti wa Kew una saa kubwa ya ukutani iliyowekwa juani. Mti wa Ngara lazima utafute njia nyingine ya kujua tarehe.

Tulichonacho sisi ni kiangazi. Juni, Julai, Agosti: mawingu yanapita bila kushusha kitu, nyasi za mabondeni zinageuka rangi, vumbi jekundu linakaa juu ya majani ya migomba. Na ndipo mwamba-ngoma unapochanua.

Wataalamu wanauita Erythrina abyssinica. Majirani zetu wa Burundi wanauita umurinzi, wa Rwanda wanauita umuko, na ninaona wazee wa mstari wa mbele mnatabasamu kwa kuwa mnalo la nyumbani. Ni mti usio na umbo la kujivunia. Shina lake limepinda, gome ni nene lenye mipasuko, na gome hilo ndilo linaloukinga na moto wa nyika. Kiangazi kikikolea unadondosha majani yake yote, unabaki na miiba na matawi. Kisha unatoa vishada vyekundu vinavyoonekana kutoka kilima cha ng’ambo. Hauna harufu ya kusifiwa, kwa maana wageni unaowatazamia zaidi ni ndege. Nyuki hawaioni rangi nyekundu vizuri, chozi anaiona. Ndege huyo mdogo mwenye mdomo uliopinda anakunywa nekta, anapakwa chavua usoni, anahamia mti mwingine. Mti usio na majani unampa ndege yule mwonekano usiozibwa na kitu, katika mwezi ambao maua mengine ni haba na kiu ya ndege ni kubwa.

Katika simulizi za Rwanda, Ryangombe, bwana wa ibada za kubandwa, alikwenda kuwinda, akauawa na nyati, na mti uliompokea ni huu. Burundi mwenye hadhi hiyo ni Kiranga, na mti ni huohuo. Ibada zile zilienea katika nchi nyingi za maziwa haya makuu, mipaka ya leo ikiwa haijachorwa, na wamisionari walipofika walizipiga vita. Sitaamua ugomvi huo hapa. Ninachokitazama ni uchaguzi wa mti. Ipo mivule, ipo mikuyu, mikubwa na yenye kivuli kuliko huu. Nadhani waliochagua mwamba-ngoma walikuwa watu waliochunguza mwaka mzima, wakaona ni mti gani unaovaa rangi ya damu wakati vingine vyote vimenyamaza. Huo ni uchunguzi wa mimea, hata kama haukubandikwa kwenye karatasi.

Mkiteremka kuelekea Biharamulo, kando ya barabara ya Lusahunga na Nyakanazi, mnaingia kwenye nchi ya miombo. Huko jambo la kiangazi linakuwa la ajabu zaidi. Kuanzia Agosti hivi hadi Oktoba, mara nyingi mvua ikiwa bado haijagusa ardhi, mtundu unatoa majani mapya, na majani hayo ni mekundu, ya shaba, mengine kama ya zambarau. Abiria wa basi anayapita akidhani yanakufa. Kumbe ndiyo yanazaliwa. Rangi ile inalikinga jani changa na jua kali kabla halijapata kijani chake. Mninga nao, mti tunaoujua zaidi ukiwa umeshakuwa vitanda na milango, hutoa maua ya manjano yenye harufu tamu wakati huohuo, mara nyingi kabla ya majani au pamoja nayo. Maua hayo hayana maisha marefu. Ukisafiri wiki isiyo yake hutayaona hadi mwaka ujao.

Maji yanatoka wapi, mvua haijanyesha? Mengine yako chini sana, mizizi inayafikia. Mengine mti umeyatunza kwenye shina. Ukidondosha majani, mti unaacha kupoteza maji kwa jua na upepo, matawi yanajaa tena polepole hata kama udongo wa juu ni mkavu, na joto la Agosti na Septemba linamalizia kazi. Kwa hiyo mti uliokonda kwa kiangazi unafanya hesabu za ndani. Hapa ndipo moto wa nyika unapoleta hasara tusiyoiona. Moto unaowashwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, hupita chini chini kwa kuwa nyasi hazijakauka kabisa na miti haijatoa kitu cha kuungua. Ule wa Septemba, unaowashwa ili ng’ombe wapate nyasi changa, unakuta matumba na majani machanga yameshatoka. Mti mkubwa hautakufa. Utapoteza maua ya mwaka ule, na mfugaji wa nyuki hatajua kwa nini mizinga ni miepesi.

Kahawa naipa muda mrefu, kwa sababu katika nyumba nyingi za mkoa huu ndiyo inayolipa ada za shule.

Mkulima wa kahawa anaijua habari hii kwa macho. Matumba ya mkahawa hujipanga kwenye vifundo vya tawi, yanakua hadi urefu wa milimita chache, kisha yanasimama. Yanasimama wiki nyingi. Ukiyatazama Julai ni ya kijani, magumu, hayaendi mbele wala hayarudi nyuma. Kisha inanyesha mvua moja ya Septemba, wala si kubwa, milimita 10 hivi zinaweza kutosha, na baada ya siku nane au kumi shamba linaamka jeupe. Harufu yake ni ndugu wa asumini. Siku ya tatu ua limeshakuwa la kahawia, na mkulima aliyekuwa msibani wilaya ya jirani amekosa tukio lote.

Kwa muda mrefu ilionekana dhahiri kwamba mvua ndiyo inayochanusha kahawa. Mwaka 1960 Mbrazili Paulo Alvim, aliyefanya uchunguzi wake Peru, alichapisha katika jarida la Science jambo lililoigeuza fikra hiyo. Mikahawa iliyomwagiliwa maji mfululizo, isiyoonjeshwa kiu, matumba yake yaliendelea kulala. Iliyonyimwa maji kwanza kisha ikapewa, ndiyo iliyochanua. Maji peke yake hayatoshi. Lazima kiu itangulie, imwondoe ua usingizini. Mvua inakuja kumkuta yuko macho tayari, inamsukuma nje. Baadaye ilionekana pia kwamba kushuka kwa ghafla kwa joto, kule kunakofuatana na mvua, kunaweza kusaidia.

Sasa linganisheni. Kule baridi inatangulia, joto linafungua. Huku kiu inatangulia, maji yanafungua. Miti miwili isiyo na undugu, kwenye mabara mawili, imefikia utaratibu mmoja: usiamini wema wa hali ya hewa mpaka ubaya wake uwe umepita. Ndiyo maana nasema kiangazi chetu si miezi iliyokufa. Mkulima anayelalamika Julai kwamba mkahawa umelegea majani anaiona nusu moja tu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba kulegea kule, kusipopita kiasi, ndiko kunakokusanya maua yote yasubiri siku moja.

Na balaa nalo ni lilelile. Magnolia anadanganywa na jua la Februari. Mkahawa unadanganywa na mvua ya Julai. Manyunyu ya katikati ya kiangazi, ambayo kila mtu anayafurahia kwa sababu yanatuliza vumbi, huyaamsha matumba yaliyokwisha kukomaa na kuyaacha mengine. Septemba linafunguka kundi la pili, Oktoba la tatu. Baada ya hapo tawi moja linakuwa na buni nyekundu, za njano na za kijani kwa pamoja. Mvunaji mwaminifu atapita shamba lilelile mara nyingi akichuma zilizoiva tu, na kila mzunguko ni nguvu kazi. Asiye na nguvu kazi atakwanyua zote, na bei itamwambia. Mwaka wa kiangazi kikali kilichonyooka, mavuno huja kwa pamoja. Mwaka wa kiangazi kilichotobolewa na mvua, mavuno hutapakaa.

Kwa kahawa ya robusta shauri ni zito zaidi. Arabika inaweza kujichavusha yenyewe. Robusta haiwezi: chavua ya mti huohuo haiuzalishii, inahitaji ya mti mwingine usio wa ukoo wake hasa, iletwe na upepo au nyuki. Ua likiishi siku mbili au tatu tu, maana yake ni kwamba miti ya jirani lazima ichanue siku zilezile. Mvua ndogo iliyonyesha upande mmoja wa kilima ikaacha mwingine inaweza kuwatenganisha wachumba. Sijui shughuli nyingine ya kilimo inayotegemea hivyo mapatano ya kimyakimya ya mashamba ya watu mbalimbali.

Niwape na kichekesho cha ukoo kabla sijaenda mbele. Magnolia hana jamaa wa karibu anayeota Afrika kwa asili. Ukoo wake wenyewe uko Asia na Amerika. Lakini katika kundi kubwa la mimea alimo, yumo mstafeli, na yumo mtopetope, na yumo yule mtopetope mwitu mnaouona kwenye vichaka vya nyika, mfupi, ambao watoto wachunga mbuzi wanaufahamu kuliko maprofesa. Tafuteni ua lake mvua zinapokaribia. Limeinamisha kichwa chini, petali ni nene, za rangi ya maziwa, ukilibonyeza halivunjiki upesi. Wachavushaji wake ni mbawakawa, wadudu wazito wanaoingia ndani, wanatafuna kidogo na kutembea hovyohovyo. Magnolia naye anawategemea mbawakawa, na petali zake nazo ni nene. Maua ya namna hii ni ya zamani sana duniani; mabaki ya jiwe ya maua yanayofanana na magnolia yana umri wa karibu miaka milioni 100. Kwa hiyo aliyetamani kuona sura ya ukoo ule hana haja ya tiketi ya ndege. Aende kichakani, ainame, atazame chini ya jani.

Najua mtu ataniuliza: kwa nini wilaya hizi zisiwe na bustani ya mimea? Bustani ya Dar es Salaam ilianzishwa 1893, ya Entebbe, ng’ambo ya ziwa letu, 1898, ya Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki 1902. Ni bustani nzuri, na Amani ni mahali ambapo kila mwalimu wa biolojia angepaswa kupelekwa japo mara moja. Lakini tusisahau zilianzishwa kwa ajili gani. Wakoloni walitaka kujua mpira utaota wapi, kahawa gani itazaa, mkwinini utakubali kimo gani cha mlima. Zilikuwa ofisi za biashara zenye maua.

Tena Amani imetufundisha somo lenye mkono wetu ndani yake. Msizi, mti unaoota kwa asili magharibi ya ziwa hili, Uganda na Kongo, ulipelekwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Bukoba 1890. Huku kwetu ni mti mwema, unaishi na majirani zake. Kule ulikuta misitu iliyokatwa kwa ajili ya mbao, hondohondo wakayameza matunda na kuzitapanya mbegu, ukawa mvamizi unaoishughulisha serikali hadi leo. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kuleta mti mgeni kwa sababu tu ua lake ni zuri kwenye simu, namuuliza kwanza kama ameshamaliza kuijua ile ya kwao.

Na kuna sababu nyingine ya kutaka bustani huku, isiyohusu uzuri. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakakaa katika kambi ya Benaco, na wengine wakaja nyuma yao. Wengi walikaa hadi Desemba 1996. Walikuwa na haki ya kupika, na kupika kulitaka kuni. Vilima vilivyozunguka kambi vilibaki vitupu. Miti mingi ilirudi: baadhi kwa visiki vilivyochipua, baadhi kwa kupandwa, na iliyopandwa mingi ilikuwa ile inayokua haraka. Sasa mtu akitaka kusema vilima vile vimepona, atasemaje? Kijani peke yake hakitoshi kuthibitisha. Mikaratusi ni kijani. Kilima kimepona pale ambapo miti yake ya zamani imerudi kuchanua katika mwezi wake, na chozi wakarudi kunywa.

Kwa hiyo bustani ninayoitaka mimi haianzi na uzio. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina kilomita za mraba 4,707. Ardhi tunayo. Wageni wanaingia kutafuta tembo na viboko, na hakuna anayeambiwa kwamba akija Septemba atakuta miombo imevaa shaba. Tunazo pia shule, misheni, viwanja vya hospitali na vya halmashauri, ambako miti ya asili kama mwamba-ngoma na msambya imesimama kwa miaka bila mtu kuinyooshea kidole. Mwamba-ngoma hauhitaji hata kitalu: unakata tawi nene, unalichomeka mvua zinapoanza, linashika. Pesa inayohitajika ni kidogo. Kinachokosekana ni daftari.

Japani wanazo kumbukumbu za siku ambayo micheri ya Kyoto ilichanua kikamilifu, kuanzia mwaka 812, zilizokusanywa kutoka shajara za watu wa ikulu na watawa. Waandishi wale hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wakiandika siku ya sherehe. Mwaka 2021 micheri ile ilifikia kilele Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo zote, na dunia ikaweza kulisema hilo kwa uhakika kwa sababu mtu fulani, karne nyingi kabla, aliandika tarehe. Sisi tunasema mvua zimebadilika, tena tunasema kila siku. Mtu akituuliza zimebadilika kwa siku ngapi, na mikahawa imezifuata vipi, tunaanza kubishana kwa umri.

Walimu, naomba nitumie dakika zilizobaki kusema na ninyi. Kila shule ichague miti michache ya asili iliyo karibu, iipake alama, na isiibadilishe. Mwamba-ngoma mmoja, msambya mmoja, na Biharamulo mninga au mtundu, na kama jirani ana mikahawa, aombwe mmoja. Wanafunzi wapite kila Ijumaa kuanzia Juni. Waandike majani yamedondoka au la, matumba yameonekana au la, ua la kwanza limefunguka tarehe gani, nani amelitembelea: ndege, nyuki au mbawakawa. Kopo lililonyooka na rula vinatosha kupimia mvua kila asubuhi, na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi, kwa maana sifuri ndiyo tunayoitafuta zaidi kuliko tarakimu nyingine yoyote. Mwaka ambao mti haukuchanua nao uandikwe, na mwaka uliopitiwa na moto uandikwe mwezi wake. Daftari likijaa, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe ofisi ya kilimo ya kata, mahali ambapo mhamisho wa mwalimu hautaondoka nalo.

Na yule kijana aliyeniuliza mlangoni kama magnolia itakubali Ngara, nimjibu sasa. Ipo aina moja ya kusini mwa Marekani, isiyodondosha majani, ambayo hustahimili nchi za joto na ingeweza kujaribiwa bustanini chini ya uangalizi. Zile za Machi, zinazochanua kwenye matawi matupu, zingekaa hapa zikingoja baridi isiyokuja.

Nakaribisha maswali. Ningependa waanze wafugaji wa nyuki wa Biharamulo, kwa maana juu ya siku za mninga wao wana la kunisahihisha.